Ruzuku ya Serikali na Viwanda Vidogo vya Moshi

Mtu ashukaye kutoka Marangu, Machame au Kibosho kuja mjini Moshi hupita viwanda vingi bila kuvitambua kuwa ni viwanda. Likitajwa neno hilo, wengi wetu hufikiri kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, au mitambo mikubwa ya kukoboa kahawa mjini. Lakini mashine ya kusaga unga iliyopo sokoni ni kiwanda. Seremala mwenye msumeno wa umeme na randa ana kiwanda. Mwokaji mikate, fundi achomeleaye milango ya chuma, mama apikaye mbege ya kuuza, wote hawa hugeuza mali ghafi kuwa bidhaa, na kwa kazi hiyo hutumia nguvu: umeme, dizeli, kuni au mkaa.

Katika nchi nyingi serikali huwapa watu wa namna hii fedha ili wapunguze nguvu inayopotea katika kazi zao. Makala haya yataeleza kwa nini serikali hufanya hivyo, fedha hizo hufanya kazi gani, na jambo gani sharti litangulie ili zisipotee bure.

Nguvu inayopotea

Watu wengi hudhani kwamba kutumia umeme vizuri maana yake ni kuzima taa na kukaa gizani. Sivyo. Maana yake ni kufanya kazi ileile, au kubwa zaidi, kwa nguvu ndogo zaidi. Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga, maana hakuna kijiji cha mlimani kisichoijua.

Tuseme kinu chahitaji nguvu ya kilowati 12 ili kizungushe nyundo zake na kusaga mahindi. Mota yake ni ya zamani, imeungua mara kadhaa na nyaya zake zimesukwa upya. Ili itoe kilowati 12 kwenye kinu, mota hiyo huvuta kilowati 15 kutoka kwenye nyaya za TANESCO. Kilowati 3 zimekwenda wapi? Zimegeuka kuwa joto na mtikisiko. Shika mota hiyo baada ya saa mbili za kazi, nawe utaliona joto hilo kwa mkono wako. Mwenye mashine hulipia yuniti zote zinazoingia, wala si zile tu zilizosaga unga.

Sasa tuseme mota mpya iliyotengenezwa vizuri hufanya kazi hiyohiyo kwa kuvuta kilowati 13.2 tu. Mashine hufanya kazi saa 6 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani saa 156. Mota ya zamani itatumia yuniti 2,340, na mpya yuniti 2,059. Tofauti yake ni yuniti 281 kwa mwezi. Kwa bei iliyowekwa mwaka 2016 kwa watumiaji wa kawaida, yuniti moja ni shilingi 292, na ukiongeza kodi na tozo hufika karibu shilingi 356. Basi tofauti ile ni karibu shilingi 100,000 kila mwezi. Fedha hizo zaweza kumlipa kijana wa kupokea mahindi kwa siku kadhaa, au kununua nyundo mpya za kinu.

Kwa mpishi wa mbege hesabu ni ya namna nyingine lakini maana ni ileile. Ndizi huchemshwa kwa muda mrefu, kisha huachwa zichachuke kabla ya kutiwa uji wa ulezi uliooteshwa. Moto ukiwa juu ya mafiga matatu mahali penye upepo, sehemu kubwa ya joto hupita kando ya pipa na kwenda angani. Jiko lililojengewa kuta, lenye mlango mdogo wa kuni na bomba la moshi, huzuia joto hilo na kulielekeza chini ya chombo. Kuni hupungua, na macho ya mpishi hupona.

Kwa nini mwenye kiwanda asijifanyie mwenyewe?

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa faida ni kubwa hivyo, kwa nini mtu asinunue mota mpya au kujenga jiko jipya kwa fedha yake? Kwa nini apewe mali ya umma ili apate faida yake mwenyewe? Swali hili ni la haki, na lina majibu matatu.

Kwanza, mwenye kiwanda kidogo hana fedha ya kuanzia. Tuseme mota mpya yagharimu shilingi 2,400,000. Kwa kuokoa shilingi 100,000 kila mwezi, atarudisha fedha yake baada ya miezi 24. Hiyo ni biashara nzuri, lakini ada za watoto hazingoji miezi 24, wala mahindi ya kununua hayangoji. Mtu wa namna hii huona gharama ya leo kabla ya kuona faida ya kesho kutwa. Serikali ikitoa nusu ya bei, miezi 24 huwa 12, na jambo lililokuwa ndoto huwezekana.

Pili, hajui mahali nguvu inapopotea. Kiwanda kikubwa huajiri mhandisi wa kuchunguza mitambo. TPC, kwa mfano, huchoma makapi ya miwa, ambayo yangeweza kuwa takataka, ili kupata mvuke na umeme wa kiwanda, na ziada huuzwa kwa TANESCO. Mwenye mashine moja ya kusaga hana mhandisi. Anajua tu kwamba fedha ya LUKU imekwisha upesi mwezi huu.

Tatu, faida ya kuokoa nguvu haibaki kwake peke yake, na hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi sote tunaoishi chini ya mlima huu. Mito ya Weruweru, Karanga na Kikafu hutoka katika msitu wa Kilimanjaro, huungana na Kikuletwa, na maji yake huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapo huzungusha mitambo ya megawati 8, kisha huteremka na mto Pangani hadi Hale penye megawati 21 na Pangani Mpya penye megawati 68. Maji yaleyale ndiyo yanywayo na kumwagilia mashamba ya watu njiani. Umeme wetu mwingine hutoka mbali sana. Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji lina mitambo ya megawati 2,115, lakini umeme usafirishwao umbali mrefu hupungua njiani. Mwezi Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa ziarani katika mkoa wa Kilimanjaro, aliueleza upotevu huo kuwa sababu ya mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Kwa hiyo kila yuniti iokolewayo Moshi ni yuniti isiyohitaji kusafirishwa hadi Moshi.

Na kuni je? Mwaka 1941 ukanda wa msitu uitwao Nusu Maili ulitengwa ili wananchi wapate kuni na miti ya kujengea. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliongezwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo ilianzishwa mwaka 1973. Watu wa mlimani wameongezeka sana tangu 1941, lakini mlima haukuongezeka. Jiko linalopunguza kuni hulinda kipande cha msitu, na msitu hulinda mto. Mpishi mmoja hawezi kudaiwa alipe gharama yote ya jambo ambalo faida yake huwafikia watu hadi Pangani. Ndiyo maana ni haki umma uchangie.

Yaliyofanyika kwingine

Ruzuku si mkopo. Mkopo hurudishwa pamoja na riba, lakini ruzuku hairudishwi. Lakini ruzuku njema ina masharti, na sharti la kwanza ni kipimo. Tuone mifano miwili.

Bei ya mafuta ilipopanda ghafula duniani mwaka 1973, nchi nyingi zilianza kufikiri upya juu ya nishati. Mwaka 1976 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwasaidia wenye viwanda vidogo na vya kati. Haikuanza kwa kuwagawia mashine. Iligharamia vyuo vikuu, na walimu pamoja na wanafunzi wa uhandisi walikwenda viwandani na vipimo vyao. Walikagua mota, tanuri, mabomba ya mvuke na taa, kisha wakamwandikia mwenye kiwanda taarifa: hapa unapoteza kiasi hiki, kutengeneza hapa kutagharimu kiasi hiki, na fedha yako itarudi baada ya miezi kadha wa kadha. Mwenye kiwanda hakulipa kitu kwa ukaguzi huo. Wanafunzi nao walipata ujuzi usiopatikana ubaoni.

Jirani zetu wa Kenya walianza kazi ya namna hiyo mwaka 2001. Chama cha wenye viwanda cha nchi hiyo, kijulikanacho kwa herufi KAM, kilipata msaada wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia ili kusaidia viwanda vidogo na vya kati kuondoa upotevu wa nishati. Mwaka 2006 chama hicho na Wizara ya Nishati walianzisha kituo cha pamoja cha matumizi bora ya nishati, na wizara ikachangia gharama za ukaguzi viwandani. Kisha Kenya ikaongeza sheria juu ya msaada. Kanuni za mwaka 2012 ziliagiza kwamba kila mahali panapotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka pakaguliwe walau mara moja katika miaka mitatu, na mwenyewe atimize angalau nusu ya akiba iliyoonyeshwa na wakaguzi.

Tazama sasa mashine yetu ya kusaga. Kwa yuniti 2,340 kila mwezi, kwa mwaka hutumia yuniti 28,080. Haifiki hata moja ya sita ya kiwango kile. Sheria ya namna hiyo yafaa kwa wakubwa, kwa maana wanaweza kulipa wakaguzi, nayo huwashurutisha. Wadogo haiwafikii. Kwa hiyo wakubwa huongozwa kwa sheria, na wadogo kwa msaada. Nchi yenye moja bila ya pili imefanya nusu ya kazi.

Hali ya kwetu

Tanzania haikuanza jana kuwasaidia wenye viwanda vidogo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kazi yake ni kutoa mafunzo, ufundi na mikopo. Lina ofisi katika mkoa wetu. Kwa upande wa nishati, sheria ya mwaka 2005 iliunda Wakala wa Nishati Vijijini, REA, pamoja na Mfuko wake, na wakala huo ulianza kazi mwaka 2007. Kazi yake kubwa imekuwa kufikisha nguzo na nyaya vijijini. Katika miaka ya karibuni umetoa pia ruzuku kwa mitungi ya gesi na majiko banifu, ili mnunuzi alipe sehemu tu ya bei. Hayo yaenda pamoja na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa miaka 2024 hadi 2034, unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na agizo hilo lagusa jikoni mwa shule nyingi za bweni.

Fedha za Mfuko wa Nishati Vijijini hutoka wapi? Msomaji aitazame risiti ya LUKU. Humo ataona tozo ya REA, asilimia 3. Mwenye mashine yetu, kwa yuniti 2,340 za shilingi 292 kila moja, huchangia karibu shilingi 20,500 kwa mwezi, yaani karibu 246,000 kwa mwaka. Basi asidhani kwamba ruzuku ni sadaka ya watu wa mbali. Ni mchango wake na wa jirani zake uliokusanywa pamoja, na ana haki ya kutaka utumike kwa akili.

Hatua ya kufikisha umeme kijijini ilikuwa ya lazima. Hatua ifuatayo ni kuhakikisha kwamba umeme uliofika kwa gharama kubwa hauvuji ndani ya mota mbovu.

Ruzuku yaweza kuharibika

Ingekuwa kosa kumaliza kwa sifa tupu. Ruzuku zaweza kupotea, na njia za kupotea zajulikana.

Njia ya kwanza ni kugawa mashine bila kupima. Rudi kwenye mfano wa mota. Tuseme kuna mashine mbili. Ya kwanza iko sokoni na husaga saa 6 kwa siku. Ya pili iko kijiji chenye wateja wachache na husaga saa 1 tu. Mota mpya itaokoa shilingi 100,000 kwa mwezi katika ya kwanza, lakini katika ya pili itaokoa shilingi 16,700 tu. Fedha ya mota itarudi baada ya miaka 2 mahali pa kwanza, na baada ya miaka 12 mahali pa pili. Mota ni ileile, bei ni ileile, na fedha ya umma ni ileile. Aliyetoa ruzuku sawasawa kwa wote wawili kwa kuogopa lawama hakutenda haki: ametupa nusu ya fedha.

Njia ya pili ni kulipia kisicho na gharama. Tuseme mota ile huachwa ikizunguka bila nafaka kwa jumla ya saa 1 kila siku, huku mwenyewe akizungumza na wateja, nayo huvuta kilowati 3. Kwa mwezi hizo ni yuniti 78, karibu shilingi 28,000. Dawa yake ni kubonyeza kitufe. Mkanda uliolegea hukazwa kwa spana, beringi kavu hutiwa grisi, nyundo zilizolika hugeuzwa. Mkaguzi mwema huanza na hayo, ndipo ataje mota.

Njia ya tatu ni kutoa kila kitu bure. Kitu kisichomgharimu mtu chochote mara nyingi hakitunzwi. Ni bora mwenye kiwanda alipe sehemu yake, ingawa ndogo, maana hapo atalinda pia sehemu ya umma. Na jina lake na kiasi alichopewa vibandikwe katika ofisi ya kata, ili kila mtu aone kwamba hakuna undugu uliotumika.

Njia ya nne ni ya upande wetu wananchi: kungoja. Mtu husikia kwamba ruzuku inakuja, basi haendi kukaza hata mkanda. Wakati akingoja, kila mwezi shilingi 28,000 zinamtoka.

Daftari lije kwanza

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo ulikuwapo kabla ya mita za umeme, lakini hakuna msemo unaozifaa mita zaidi ya huo. Kila serikali, benki au shirika litakalotaka kumsaidia mwenye kiwanda litamwuliza: unatumia kiasi gani? Asiyeweza kujibu atapitwa na anayeweza.

Daftari lenyewe si gumu. Liwe na safu nne: tarehe, yuniti zilizotumika, kwa kusoma mita asubuhi na jioni, saa ambazo mashine ilifanya kazi, na magunia yaliyosagwa. Mwisho wa mwezi gawanya yuniti kwa magunia. Jibu ni yuniti kwa gunia moja, na namba hiyo moja husema mengi. Ikiwa mwezi uliopita ilikuwa ndogo na mwezi huu imepanda, basi kuna kitu kimelika au kimelegea, hata kama mashine bado yanguruma kama kawaida. Seremala na aandike yuniti kwa kila mlango, mwokaji mizigo ya kuni kwa kila tanuri la mikate, na mpishi wa mbege mizigo ya kuni kwa kila pipa.

Hapa ndipo sisi wanafunzi tunapoingia. Kilowati na saa twazisoma katika Fizikia, asilimia na wastani twazisoma katika Hisabati. Wakati wa likizo, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aweza kumwomba mwenye mashine wa kijijini kwao ruhusa ya kumwandikia daftari hilo kwa wiki nne. Aende kwa adabu, asiguse nyaya wala mkanda unaozunguka, kwa kuwa hiyo ni kazi ya fundi, na asome mita tu na kuhesabu magunia. Akimaliza, amwachie mwenyewe daftari hilo pamoja na hesabu zilizoelezwa kwa maneno ya kawaida. Hata kama ruzuku haitafika kijijini hapo mwaka huu, mzee huyo atakuwa amejua fedha yake inapita wapi. Na siku itakapofika, hatakuwa mtu wa kuomba tu. Atafungua daftari lake mbele ya ofisa na kusema: hapa ninapoteza yuniti kadhaa, nisaidieni nusu ya gharama ya kuzizuia, na nusu nitalipa mwenyewe.